Goli la Bondeni

Mtaani walimwita Saidati kipa wa benchi, na walimwita hivyo kwa upendo, jambo lililomuuma zaidi. Binti wa Dauda fundi cherehani, mzaliwa wa Gisenyi, alikuwa amechaguliwa timu ya taifa ya wanawake, na Michezo ya Nchi za Maziwa mwaka ule ikaleta mashindano hapa hapa nyumbani: riadha na kuogelea Kigali, soka Gisenyi. Mechi tatu zilishachezwa. Mechi zote tatu Saidati alikaa na koti lake la mazoezi mabegani, akimpigia makofi Umurerwa.

Na Umurerwa hakuwa mtu wa kuchukiwa kirahisi, hapo ndipo penye tabu. Alikulia Ngara, Tanzania, akarudi na Kiswahili chake kilichonyooka na mikono mirefu, na kila alipopewa soda alimwachia mwenzake nusu. Saidati alimpenda, na papo hapo alimwombea mguu uteguke kidogo tu. Msishangae. Moyo mmoja unayaweza yote mawili, na anayebisha hajawahi kukaa benchi.

Kwa ajili ya Michezo hiyo, mkandarasi alichimba kiwanja kidogo cha makipa chini ya uwanja wa mazoezi. Kilikuwa shimo la kimo cha kifua, lenye goli moja na mteremko wa kushukia. Walipanda nyasi, lakini mbele ya goli zikakauka. Siku ya kwanza Saidati aliokota mjusi aliyekufa kwenye mstari. Siku ya pili akaokota ndege wawili wadogo, hawana jeraha, macho wazi. Na kila aliporuka kudaka mpira wa chini na kukawia pale, usingizi mtamu ulimjia, kama mama anayemfunika mtoto kitenge. Akisimama, unakwisha.

Mama Mukandori, aliyekuja kumkatia ng'ombe wake majani pembeni ya uwanja, alimwita Saidati kwa kumpungia mundu.

"We mutoto, ile shimo iko na mazuku. Hawakuuliza watu? Ng'ombe anapitaka, mbuzi anabakiaka."

Saidati hakuhitaji kuelezwa zaidi. Nani wa Gisenyi asiyeyajua mazuku, ile hewa mbaya ya volkano isiyo na rangi, inayotuama mabondeni asubuhi upepo ukikosekana? Anayesimama haimfikii puani. Anayelala haamki.

"Nitaambia kocha, mama."

"Bon, ambia leo."

Hakumwambia siku hiyo, kwa kuwa Kocha Pulchérie alikuwa na wageni wa kamati. Siku iliyofuata akajiambia atasema kesho. Jioni yake wakasomewa majina ya nusu fainali, na golini akawekwa Umurerwa. Dauda alikuwa ameshawaita ndugu wa Goma wavuke mpaka pale Petite Barrière mapema, waje wamwone binti yake, nao wangekuja kumwona amekaa. Usiku ule Saidati aliona aibu mpaka mwili ukamwasha, na lile neno la kumwambia kocha likazidi kuwa zito mdomoni.

Asubuhi ya mechi ziwa lilitulia kabisa. Hata jani la mgomba halikutikisika. Umurerwa alishuka bondeni na mfuko wa mipira, akasimama golini, akavaa glavu.

"Saidati, nirushie mipira ya chini. Ya jana ilinishinda."

Angeweza kumwambia, toka huko. Maneno mawili tu, wala hayakuhitaji kocha. Saidati alisimama ukingoni, akachukua mpira, akaurusha chini kabisa, karibu na mlingoti. Umurerwa akaruka, akaudaka, akaukumbatia. Hakuinuka.

Saidati akaanza kuhesabu moyoni, midomo imefungwa. Alijiambia akifika kumi atashuka, maana huenda mwenzake anapumzika tu. Moja, mbili. Hakuna ndege aliyelia. Uwanja wa juu ulikuwa mtupu, na shimo lilikuwa kimya kiasi kwamba alijisikia akimeza mate. Mgongo wa Umurerwa haukupanda wala kushuka. Ikafika kumi.

Akaanza tena, moja.

Kisha akabana pumzi, akashuka mbio, akamburuta mwenzake kwa jezi hadi juu ya mteremko, akapiga ukelele ambao Mama Mukandori aliusikia kutoka shambani kwake.

Kocha Pulchérie alifika akihema. "Ulimuona anaanguka?"

"Nilimuona, Kocha."

"Ukakimbia?"

"Palepale."

Wakamkumbatia, wakalia naye. Shimo likazungushiwa kamba. Umurerwa akapelekwa hospitali akipumua, hajafumbua macho, na saa tisa Saidati akaingia uwanjani na glavu mkononi. Mtangazaji alishasimulia habari yake kwenye kipaza sauti. Uwanja mzima ukaimba jina lake, na jukwaani Dauda akalia bila kujificha. Aliyotamani yote alikuwa nayo, na alijisikia mgonjwa.

Dakika ya sabini, bila kwa bila, likaja shuti la chini. Akaruka, akaudaka, akaukumbatia. Nyasi zilikuwa mbichi na upepo wa ziwa ulikuwa ukivuma vizuri, hapakuwa na mazuku pale. Lakini sikio lilipogusa ardhi alisikia sauti ya mwanamke ikihesabu, taratibu, kutoka chini ya udongo. Moja, mbili, tatu. Akabaki pale pale, sikio chini. Mwamuzi akainua mkono, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja, maana kwa sheria mpya kipa hakai na mpira zaidi ya sekunde nane. Wenzake walimpigia kelele. Yeye alikuwa anasikiliza sauti itaishia wapi.

Filimbi ikalia, ikawa kona. Kona ikazaa bao, na bao hilo likaitoa timu mashindanoni.

Hakuna aliyemlaumu. Wote walisema ni mshtuko wa asubuhi. Alikwenda hospitali na viatu vyake vya mpira miguuni, akamkuta Umurerwa ameegemea mto, macho wazi.

"Pole, dada. Wametufunga."

"Nimesikia redioni. Kaa."

Umurerwa akamshika mkono. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo.

"Kule chini nilikuwa nakusikia," akasema.

"Mi sikusema kitu. Mi nilikimbia tu."

"Ulikuwa unahesabu. Ulifika kumi, ukarudia moja." Akavuta pumzi. "Baada ya hapo sikusikia tena. Nimekuwa nikijiuliza tangu nilipoamka. Mara ya pili uliishia ngapi?"

Saidati aliutazama mlango. Ulikuwa wazi, na muuguzi alikuwa akipita na sinia la dawa. Angeweza kutoka.

"Saba," akasema.