Pamba Juu ya Mnyaa

Naandika haya kwa sababu mwaka huu tena nimewaona watu wanakata matawi ya mnyaa yawe mti wa Krismasi, na sina nguvu ya kupita nyumba kwa nyumba. Mwenye mtoto asome mpaka mwisho.

Mwaka jana tulikuwa na mpangaji, Mwalimu Faraja, mtu wa Njombe. Alikuwa amejifungua mwezi wa kumi na moja, basi safari ya kwao na kichanga ikamshinda. Chumba tulichompangisha hapa Kibiti ni kidogo, ukiwa umekaa kitandani unafungua mlango bila kunyanyuka. Tarehe ishirini Desemba akaniambia, "Mama Hafsa, kwetu saa hizi kila nyumba ina mti. Tunaukata mlimani, mrefu unagusa dari. Hapa hata pa kuuweka sina."

Nilikuwa nafua tangu asubuhi, mgongo unaniuma. Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Kata tawi la mnyaa pale nyuma ya choo. Linakaa kijani mwezi mzima, hata maji halitaki."

Maneno hayo ni yangu. Sikuongeza jingine.

Kwetu Ruaruke minyaa ndiyo ua wa nyumba. Mtoto anajua kabla hajajua kuhesabu kwamba ukiuvunja unatoa utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu ule ukiingia jichoni ni balaa. Mama yangu alinichapa mkono meno hayajaniota yote. Jambo ambalo kwenu kila mtu analijua hulisemi, hata kichwani halikujii. Nilisahau kwamba Mwalimu katoka huko kwenye baridi, mnyaa haujui. Na Hafsa wangu, miaka sita, kazaliwa hapa kwenye kuta za tofali.

Mwalimu akakata tawi la urefu wa mkono, akalisimamisha kwenye kopo la rangi lililojaa mchanga, juu ya begi lake la nguo. Hafsa akahamia huko. Walikata nyota saba kwa karatasi za kung'aa za biskuti, wakazitunga kwenye uzi, wakaufunga uzi ukutani kutoka msumari mmoja hadi mwingine. Chumba kikachangamka, siwezi kusema uongo.

Jirani yetu Mwamini akachungulia dirishani akanicheka. "Rukaya, mwanao kesho anabatizwa."

"Mwache. Siku ya Idd Mwalimu alitumenyea vitunguu sufuria nzima, nani alimsilimisha?"

"Miye nasema tu. Siku nikisikia kengele humu ndani, nisishangae."

Kesho yake alasiri Mwalimu alikuwa amejilaza ananyonyesha. Alimpa Hafsa pamba aipachike kwenye tawi, iwe kama ile baridi inayoganda juu ya majani kwao asubuhi. Gundi ilikuwa imekwisha kwenye kuunganisha karatasi za nyota. Nikiwa uani nikamsikia Hafsa, "Mwalimu, mti una gundi yake mwenyewe."

Mwalimu alikuwa amekesha na mtoto. Akajibu kwa sauti ya usingizi, "Vizuri, mwanangu. Bandika."

Nami nilisikia, nikaendelea kuanika nguo.

Haikupita muda, kilio. Si kile cha mtoto aliyeanguka. Nilipoingia, kila ncha ya tawi ilikuwa imevunjwa na kuvikwa pamba, nyeupe juu ya nyeupe, utomvu huuoni. Hafsa alikuwa amejifikicha kwa vidole vile vile. "Mama, jicho linaungua."

Mwamini akaja mbio. "Maziwa ya mama. Mwalimu, mkamulie jichoni, upesi."

Dawa hiyo hata miye nimekua nayo. Tukamlaza Hafsa, miye nimemshika miguu, Mwamini kichwa, Mwalimu anakamua huku machozi yanamtoka. Tukangoja. Kope ikavimba mpaka jicho halionekani. Hapo ndipo tukaita bodaboda.

Kwenye kituo cha afya nesi akauliza, "Mmemwosha na nini?"

Mwamini akajibu kwa niaba yangu.

"Mama, ni maji," nesi akasema. "Maji safi, mengi, pale pale, jicho likiwa wazi, robo saa nzima. Ndipo mje."

Akamwosha yeye. Daktari akamtia matone, akalifunika jicho, akaniambia limeungua juu, tungoje, hawezi kuniahidi kitu.

Tuliporudi, Mwalimu alikuwa amekwisha kulifukia tawi shimoni. Nyota hakuzigusa. "Mama Hafsa, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nani alikwambia ukakate?"

Nikaenda kumlaza Hafsa. Tulikuwa tumechoka wote wawili.

Kila asubuhi nikilifungua jicho na kumtia matone, nilimpeleka Hafsa kwa Mwalimu, nikamkalisha kitandani, nikaliziba jicho zima kwa kiganja. "Unaona nini?"

"Mwanga."

Siku ya pili, "Mwanga, na kitu kama moshi."

Siku ya tatu nikamuuliza nyota ziko ngapi. "Saba," akajibu hapo hapo. Nikafurahi, halafu nikakumbuka kuwa kazikata mwenyewe. Angeweza kuzihesabu amelala.

Asubuhi ya Krismasi, Hafsa akiwa anaoga, nikaingia kwa Mwalimu, nikachomoa nyota moja nikaificha kwenye pindo la kanga. Mwalimu alikuwa anakaanga maandazi mlangoni. Alinitazama, akaelewa, akazima jiko.

Nikamleta Hafsa, nikamkalisha, nikaliziba lile zima. "Nyota ngapi?"

Safari hii hakujibu upesi. Aliinamisha kichwa upande, akanyoosha shingo kuelekea ukutani. Mwalimu amemkumbatia mwanae.

"Sita," Hafsa akasema. "Mama, ile ya karibu na mlango umeipeleka wapi?"

Nikakaa kitandani kwa mwenyewe bila kukaribishwa. Nikaitoa nyota kwenye kanga nikampa, akasimama juu ya begi akairudisha.

Mnyaa wa nyuma ya choo tumeung'oa, mume wangu na miye, mikono tumeivika mifuko. Ule uzi bado upo. Chumba kidogo kinatoshwa na uzi na misumari miwili. Na ukimwambia mgeni akakate kitu uani kwako, inua kichwa kwanza, umalizie maneno.