Bei Waliyoimudu Marehemu

Mchana wa Jumanne, kwenye korido ya ghorofa ya nne ya jengo la Tianxiu mjini Guangzhou, China, Anastazia alikuwa amepiga goti juu ya belo la jinzi za watoto, selotepu mdomoni, simu yake ilipolia. Akaangalia kioo. Aliyepiga alikuwa Heriel, mdogo wake, aliyefariki kipindi cha mvua kubwa.

"Niko kwenye belo," akasema. "Nipigie baadaye."

"Sawa, dada," Heriel akajibu, akakata.

Alimalizia kulifunga belo, akaliandika jina la mteja wa Kariakoo kwa maka peni nyekundu, kisha akalikalia na kulia kidogo. Aliudhika pia. Heriel alijua vizuri kwamba Jumanne ni siku ya kufunga mzigo.

Sababu ya simu ile haikuwa ngumu kuielewa. Kampuni mbili za simu za nyumbani, Nyuki na Kipepeo, zilikuwa zinagombea watu wanaopigiana kati ya China na Tanzania. Nyuki ilikata bei ya dakika kwa nusu. Kipepeo ikaikata nusu ile ile kwa nusu. Nyuki ikatoa wikiendi bure, Kipepeo ikatoa wiki nzima bure, na kofia juu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wafanyabiashara wa Kitanzania wa mtaa wa Xiaobei, waliokuwa wakiongea na wake zao kama watu wanaokimbizwa, sasa waliulizia mpaka afya ya kuku. Mwishowe Kipepeo ikabandika tangazo ndani ya lifti zote za Tianxiu: SASA KILA MTU ANAIMUDU.

Burhani, Mzanzibari aliyeuza laini kwenye kibanda cha kioo pale chini, alilisoma tena tangazo hilo Anastazia alipomwendea.

"Limesema kila mtu," akamwambia. "Halikubagua, dada'angu. Wale walikuwa hawana uwezo tu. Bei imewafuata walipo, wamejiunga."

Mtaani hakuna aliyefanya jambo hilo kuwa kubwa. Msabaha, muuza vipuri wa Dar, alipigiwa na marehemu babu yake kila alfajiri akiulizwa kama ameshaswali, na kwa mara ya kwanza tangu aje Guangzhou akawa anaswali. Swalha, mwenye mgahawa wa pilau, alibandika karatasi mlangoni akiomba wateja wanaoongea na marehemu wakaongelee nje saa za chakula cha mchana, kwa kuwa marehemu hawana haraka na meza ni chache.

Shida ya Anastazia ilikuwa nyingine. Mama yao, kule Upareni kwenye mashamba ya tangawizi, alikuwa hajaambiwa kwamba Heriel amekufa.

Kwao msiba hausemwi kwa simu. Mama huendewa na watu wazima, akakalishwa, akashikwa mabega, ndipo akaambiwa. Mjomba Agustino, kaka wa mama, ndiye angewaongoza watu hao, na alikuwa amekataa kwenda mikono mitupu. "Nimwambie mwanawe amefariki," alisema, "aniulize tunazika lini. Nimjibu nini?" Mwili ulikuwa bado kwenye jokofu la hospitali moja ya Guangzhou. Usingetolewa mpaka mwenye ghala la mizigo la mtaa wa Sanyuanli atie sahihi kwamba Heriel alifia ndani ya lifti yake ya mizigo ilipoporomoka, na mwenye ghala alishikilia kwamba kwake haijawahi kuanguka lifti wala mtu. Kwa hiyo mama aliambiwa kwamba Heriel yuko mkoa wa mbali akitafuta viwanda, huko kusiko na mtandao.

Uongo huo ulikuwa mzuri mpaka kampuni zote mbili zilipoanza kutangaza kwamba hakuna tena mahali pasipo na mtandao.

Heriel alipiga tena jioni ile.

"Usije ukampigia mama," Anastazia alimwambia.

"Kwa nini? Si bure?"

"Heri, wewe umekufa."

"Najua, dada. Ndiyo maana nina muda."

Aliapa kwamba hatapiga. Kesho yake akapiga, maana kiapo cha marehemu hakina wa kukidai. Anastazia alizipata habari kwa mama mwenyewe.

"Mwenzako kanipigia," mama alisema.

Anastazia akaibana simu sikioni. "Amesemaje, mama?"

"Kauliza ng'ombe. Kauliza kama tangawizi imeoza tena mwaka huu. Tumeongea mpaka uji ukapoa." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekula akashiba. "Kasema atapiga na kesho."

Akapiga na kesho, na siku zilizofuata, kila mama alipokaa na uji wake, saa ambazo Guangzhou ni mchana. Alipokuwa hai, Heriel hakuwa mtu wa simu. Wapare husingiziwa ubahili, na Heriel hakuwahi kufanya lolote la kuwatetea. Yeye alikuwa anabipu, simu ilie mara moja akate kabla haijapokewa. Akimbipu mama mara moja, mama alijua mwanawe ni mzima, basi, imetosha. Hata kazini walibipiana. Kule ghalani Sanyuanli, Heriel alikuwa akipokea mizigo juu ghorofani na Anastazia akipakia chini. Bipu moja kutoka juu maana yake mambo safi, leta. Bipu mbili maana yake acha, usipakie. Siku ile lifti iliporomoka, Anastazia alikuwa amesharudi Xiaobei, Heriel alikuwa ameshuka mwenyewe kufuata belo lililosahaulika, na juu hakukuwa na mtu wa kubipu.

Sasa Anastazia hakukalika. Akikaa Xiaobei alijiona afadhali angekuwa Sanyuanli, akishuka kwenye treni Sanyuanli hakujua amefuata nini. Alikula amesimama. Kila simu ilipolia, alidhani ni Mjomba anamwambia kwamba mama ameanguka. Aliwaonea wivu wote wawili, aliyekufa na aliyedanganywa, kwa kuwa wao walikuwa wanaongea, yeye ndiye aliyekuwa anahangaika.

Siku moja aliamua kumtumia marehemu kama shahidi. Alikwenda ghalani, akamkuta mwenye ghala, laoban, yaani bosi, kama wote walivyomwita, amesimama mlangoni mwa lifti na chupa yake ya chai. Lifti ilikuwa imepakwa rangi mpya ya kijani. Anastazia akaweka simu spika.

"Laoban," Heriel akasema, "mimi hapa. Nilikuwa ndani ilipoanguka. Ulikuwa umesimama hapo hapo na chai yako. Nilikwambia kamba inalia, ukaniambia kuai, kuai, haraka, mzigo unangojwa."

Laoban aliisikiliza simu kwa adabu mpaka mwisho. Alikuwa amejifunza Kiswahili cha mzigo kwa miaka mingi.

"Rafiki, pole sana," akaiambia simu. "Lakini lifti anguka? Mei you. Hakuna."

"Ni yeye mwenyewe anakwambia!" Anastazia akapaza sauti.

"Yeye kufa. Mtu kufa, pasipoti kufa. Pasipoti kufa, laini si ya mtu." Akanywa chai. "Laini si ya mtu, nani sema? Mei you."

Kwenye ofisi ya serikali alikopeleka malalamiko walimwambia yale yale kwa lugha nzuri zaidi, wakampa na maji ya moto anywe. Shahidi anatakiwa azungumze kwa laini iliyosajiliwa kwa pasipoti hai.

"Nilikwambia," Heriel alisema walipotoka. "Yule hata nikiwa hai hakuwa ananisikia."

Kisha vita vikaisha. Wakuu wa Nyuki na Kipepeo walipiga picha wameshikana mikono, wakatangaza bei moja kwa kampuni zote mbili, kwa lengo la kuboresha huduma. Ilikuwa juu kuliko bei iliyokuwapo kabla hawajagombana. Ingeanza Jumapili saa kumi jioni kwa saa za Guangzhou. Wateja walilalamika wiki nzima, kisha wakaongeza salio.

"Na wale?" Anastazia alimuuliza Burhani.

Burhani alikuwa anabandua tangazo la kila mtu kwa kisu. "Wale wanarudi kwenye uwezo wao, dada."

Hapo ndipo hofu ya kweli ilipomshika. Jumatatu mama angeinjika uji, angeweka simu yake ya kitochi juu ya meza na kungoja. Angengoja Jumanne. Angengoja mpaka lini? Anastazia akampigia Mjomba Agustino kumwomba aende sasa, na mwili au bila mwili. Mjomba akakataa, akasema bila jeneza yeye haendi kumuua dada yake. Anastazia akaona basi, mila na zivunjike, atamwambia mwenyewe kwa simu kabla ya saa kumi.

Jumapili saa nane akapiga. Namba ilikuwa inatumika. Nyumbani zilikuwa saa za ibada, na mama hakuwa mtu wa kukosa ibada hata akiwa na homa. Akapiga tena. Inatumika. Alitoka Xiaobei kwa miguu, akapita chini ya barabara ya juu, akivuka penye taa na pasipo taa, simu sikioni. Inatumika. Wauza viazi walimwita, dereva mmoja wa pikipiki ya umeme alimtukana. Inatumika. Alimpigia Heriel, naye anatumika, kwani alikuwa anaongea na nani mwingine? Anastazia aliwaona kama watoto waliojifungia chumbani wakala sukari. Alitaka kuwachapa na alitaka waendelee.

Saa kumi ilipogonga, mama akapatikana. Simu ilipokewa kwa bei mpya.

"Amekwenda," mama akasema, hata hajasalimiwa.

"Mama, kuna jambo la Heri lazima nikwambie."

"Usiniambie."

"Mama, nisikilize..."

"Jambo kama hilo haliambiwi kwa simu, Anastazia. Ndivyo nilivyokulea? Utakuja, na mjomba wako atakuja. Mtanikalisha. Mtanishika mabega, mtaniambia. Siku hiyo ndiyo nitakayolia."

Anastazia alisimama katikati ya njia ya waenda kwa miguu, watu wakampita pande zote. Alilia bila kujificha.

"Ulijua lini, mama?"

"Siku ya kwanza. Mtoto nimemzaa mimi. Akiwa hai, ni lini alinipigia akaniuliza ng'ombe?" Mama akavuta kigoda akakaa, na sekunde hizo nazo zilikuwa zinakata salio. "Nilisema moyoni, kafa huyu, ndiyo maana ana nafasi. Sasa nikate simu? Nilimngoja miaka mingapi aongee?"

"Tungekupigia, mama. Dakika zilikuwa ghali."

"Najua. Na mimi nilizizoea bipu zenu." Akakohoa. "Anasema anapolala pana baridi. Mimi nimeacha tuta moja la tangawizi sikulipanda, lile lililo karibu na kaburi la baba yenu. Mwambie mwenye lifti kwamba tuta linangoja."

Salio likaisha.

Jumatatu asubuhi Anastazia alipeleka mzigo Sanyuanli, maana meli haijui msiba. Alimwambia mwenye lifti kwamba tuta linangoja. Laoban aliuliza tuta ni nini, akaelezwa kwa mikono, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mei banfa," akasema. "Hakuna namna." Kisha akaifungua lifti ya kijani na kumwonyesha aingize.

Anastazia alikuwa ameshaliegemeza belo mlangoni simu ilipolia mara moja, ikakata. Ikalia tena, ikakata. Jina lililotokea lilikuwa la Heriel. Bei mpya ilikuwa imepandisha kila kitu, lakini bipu ni bure, na hilo kampuni zote mbili zilikuwa zimelisahau.

Akalivuta belo nje.

"Kuai, kuai," laoban akasema. "Mzigo ngojwa."

"Lucas, usipande," Anastazia alimwambia Mkongo mmoja aliyekuwa nyuma yake na mabelo ya viatu. "Nimebipiwa mara mbili."

Lucas alimjua Heriel, na habari ya bipu aliijua. Aliiangalia lifti, akaiangalia saa yake. "Mama, pardon," akasema. "Nimechelewa, conteneur inafungwa leo." Akaingiza mabelo yake, akaingia na yeye. Mlango ukafungwa. Lifti ikapanda, kamba ikilia.

Anastazia alijitwika belo mgongoni, akapita ngazini. Kila ghorofa alisimama akaegemea ukuta, akapumua, akamwita mdogo wake majina ambayo hakuwahi kumwita akiwa hai. Alipofika juu, Lucas alikuwa ameshakaa juu ya viatu vyake akijifuta jasho. Siku hiyo lifti ilifika.

Akalitua belo. Simu ikalia mara moja, ikakata.

Hakuipokea, kwa kuwa bipu haipokelewi. Kule chini laoban alikuwa anamwita anayefuata. Anastazia akaitia simu mfukoni, akashuka kwa ngazi kufuata belo la pili.