Vigae Vipya vya Timazi

Timazi alianza na komeo. Kabla hajagusa kigae hata kimoja, alifungua komeo la ndani la mlango wa bafu, akatia skrubu mfukoni, akasema litarudishwa kazi ikiisha. Kisha akatandaza gunia sebuleni, akapanga juu yake nyundo, tindo, mwiko na pima maji, vyote vikielekea upande mmoja. Majirani walimpa jina hilo la Timazi, uzi wa fundi wa kupimia unyoofu wa ukuta, kwa sababu nyumbani kwake hata kandambili hulala zimenyooka. Fundi hakumtaka. Mwanamume mwingine akishaingia bafuni kwako, alisema, akaona taulo la mkeo limetundikwa, umebakiwa na nini? Kazi yenyewe alijifunza kwenye simu, na tuwe wakweli, alijifunza vizuri.

Kigae cha kwanza kilibanduka kizima. Kilipoachana na ukuta kilitoa sauti ya mkewe, ya chini, kama ya mtu anayeongea na kiganja mdomoni, ikisema kwamba hakuchelewa makusudi, jamani, hakuchelewa makusudi. Timazi alikipangusa, akakilaza sebuleni, maana vigae vya zamani alitaka kuvipeleka jikoni kwa mpangilio ule ule. Akasema gundi ya zamani hushika kila kitu. Cha pili kilikuwa na kilio kitupu. Cha tatu kilikuwa na sauti yake mwenyewe, ikiamuru mlango ufunguliwe. Hicho alikisikiliza mpaka mwisho, akasema bafu lina mwangwi.

Watu husema ukuta una masikio. Wa kwao ulikuwa na mdomo pia, na mkewe alijua vyema alichouambia. Karibu na bomba, usawa wa bega, kulikuwa na kigae alichokiegemea siku alipompigia dada yake simu huku amefungulia maji. Alisema Alhamisi. Alisema begi liko kwa mshonaji wa jirani, na gari lisimame nje ya geti lipige honi, naye atatoka mbio. Sasa mumewe alikuwa akibandua kutoka mlangoni kuelekea bombani, safu kwa safu, hana haraka. Mke ndiye aliyekuwa akipokea vigae na kubadilisha maji ya ndoo, na kila nyundo ilipogonga tindo, alihesabu safu zilizobaki kufika bombani. Aliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Adhuhuri Timazi alisimamisha kazi, akaenda kununua gundi kabla duka halijafungwa, maana Jumamosi hufungwa mapema. Aliacha neno kwamba mtu asiguse kitu.

Nyumbani alibaki mkewe na mama mkwe, ambaye aliishi nao tangu afiwe na mumewe. Mkono wa kushoto wa mama mkwe ulikuwa umefungwa bandeji tangu alipoteleza bafuni. Huyu mama alikuwa na msemo wake mmoja kwa mkwewe, asubuhi na jioni: mwanangu hana neno, ni hasira tu, vumilia.

Mke alipiga moyo konde, akachukua tindo. Lakini vigae vyote vilikuwa vyeupe, vimefanana kama mayai, na mtu mwenye hofu hakumbuki vizuri. Alichokibandua kwanza hakikuwa chenyewe. Kilitoa sauti ya mama mkwe.

"Basi, mwanangu, basi. Mkono wangu huo."

Mama mkwe mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Aliisikiliza sauti yake, kisha akaitazama ile bandeji.

"Niliteleza," akasema.

"Ndiyo, mama."

Kilichofuata ndicho kilichokuwa chenyewe. Kilimwaga yote kwa mnong'ono, Alhamisi, begi na honi, bila kuruka neno. Mke akabaki na tindo mkononi, akingoja kutukanwa. Hakutukanwa.

"Na mimi unaniachia nani?" mama mkwe akauliza.

Mke akamwambia basi waondoke wote. Dada yake ana chumba kimoja tu, lakini watabanana, penye nia pana njia. Mama mkwe akatikisa kichwa. Huyu nimemzaa mwenyewe, alisema, nitamkimbia niende wapi? Kisha akakichukua kile kigae kwa mkono wake mzima, akakiangusha sakafuni, akakikanyaga na kiatu mpaka kikawa changarawe. Vipande viliendelea kusema Alhamisi, Alhamisi, kila kimoja kwa sauti yake ndogo, mpaka mke alipovizoa na kuvitumbukiza kwenye pipa la taka.

Timazi aliporudi aliona mapengo mawili ukutani karibu na bomba, na kigae kimoja tu chini yake, kabla hajatua gundi chini. Mama yake akamwambia vilibanduka vyenyewe, na kimoja amekikanyaga kwa bahati mbaya. Timazi akautazama mguu wa mama yake, akamtazama mkewe, akasema kigae kimoja si kitu. Laiti angefoka. Wangejua pa kusimama.

Bafu lilikamilika mapema wiki iliyofuata, na lilipendeza, hilo halina ubishi. Majirani walikuja kulitazama, na wake zao wakawaambia waume zao waone wanaume wenzao. Komeo halikurudi. Skrubu zimepotea, alisema Timazi, mtu asiyepoteza hata kibiriti.

Kila jioni akitoka kazini aliingia bafuni na mwiko, akagonga kigae kimoja kimoja kwa mpini wake, sikio karibu na ukuta. Mafundi wote hufanya hivyo, kujua kama kuna kilichoshika hewa. Gundi mpya ilikuwa bora kuliko ile ya zamani. Haikusubiri kigae kibanduliwe. Ikigongwa tu, ilirudisha ya mchana kutwa: mama mkwe akikohoa, mkewe akisema sabuni imekwisha. Timazi alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Wale wawili walijifunza upesi. Wakawa wanaoga kimya.

Alhamisi ikafika. Timazi alikwenda kazini. Mkewe alivaa viatu vya kufunga kamba, na alipopita bafuni alimwona mama mkwe ameketi kwenye kigoda, mlango wazi, sabuni imemponyoka na mkono haufiki. Akavua viatu. Alikusudia kumsuuza tu. Lakini mgongo ule ulikuwa na alama, nyingine mbichi, nyingine zimekuwa za manjano, na hapo ikabidi aende polepole.

Honi ikalia nje ya geti. Mama mkwe akamwonyesha mlango kwa kidevu. Mke akachota maji, akammwagia begani. Honi ikalia tena. Mama mkwe akamsukuma kwa mkono wake mzima, na mke akaushika mkono ule ausuuze, na akawa bado ameushika gari lilipoondoka.

Jioni Timazi aliingia na mwiko wake. Mkewe na mama yake waliketi sebuleni bega kwa bega, wakasikiliza pamoja naye. Ukuta ulitoa maji yakimwagwa, kopo baada ya kopo, bila neno la mtu. Kisha, kwa mbali, honi. Kigae cha pili yake nacho kikatoa honi. Timazi akakigonga tena, kuhakikisha. Kisha akanawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole, akaja sebuleni, akawauliza kwa upole lile gari lilikuwa la nani.