Moshi wa Gari la Mushagalusa

Jumatatu asubuhi, fundi Kamate alilala chali juu ya mawe meusi ya volkano, mtaani Keshero, chini ya gari la Mushagalusa la mwaka 1993, akakata katalizeri: lile sanduku la chuma lenye kitu kama sega la nyuki ndani, linalochuja moshi kabla haujatoka.

"Hii njo inabana injini, papa. Gari ya zamani inataka kupumua."

Mushagalusa alikubali. Mke wake, Jeanine, alikuwa na mimba ya miezi tisa, na gari lilishaanza kuchoka kwenye miinuko. Sega lilichukuliwa na bwana mmoja wa jeep nyeupe, anayezunguka magaraji akitafuta madini ya thamani yaliyomo ndani yake. Katika uasi wa 1998 alikusanya mbao. Katika ule wa 2012, betri.

Gari lilipata sauti. Nguvu halikupata. Kipimo cha hewa kwenye bomba hakikujua tena kinasoma nini, injini ikanywa mafuta ya esanse mara mbili, na kwenye kila mwinuko ikakohoa kama muzee. Jumatano moshi ulianza kutoka na watu. Kwanza wale waliokimbia mlima wa moto mwaka 2002, nyayo zimeungua, magodoro kichwani. Nyuma yao wa vita vya 1996. Walifuata gari kwa mstari, na Mushagalusa akajifunza kukata kona polepole asiwaache.

"Katalizeri ilikuwa inawachuja," Kamate alieleza. "Sasa wanatoka vile walivyoungua."

Jumamosi mlima wa moto ulipasuka tena. Alhamisi redio ilitaja mitaa ya kuhama, na wa kwao ulikuwemo. Pamoja na mji mzima walishika njia ya Sake. Uchungu ulimshika Jeanine walipopita Mugunga. Maternite, hospitali ya kujifungulia, ilikuwa mbele. Kwenye mwinuko wa Lac Vert gari lilisimama.

Watu wa moshi walitua mizigo wakasukuma. Mikono yao ilipenya chuma. Mmoja wao, mama yake Mushagalusa, aliyefia barabara hiyo hiyo mwaka 2002, aliinama dirishani.

"Munaenda wapi, mutoto wangu?"

"Sake, mama."

"Tena?"

Jeanine alishuka. Alijifungua kando ya barabara, juu ya godoro la mama mkwe, lililokuwa moshi na halikumzuia kugusa mawe. Mutoto alikuwa wa kike. Alikohoa kwanza, ndipo akalia. Waliokuwa wakipita walipita.

Kamate alifika kwa pikipiki na kisanduku chake cha vyombo. Akafungua boneti, akasikiliza.

"Wewe na kupumua kwako," Mushagalusa alimwambia.

"Kama si ile kupumua, papa, ingezimika tangu Keshero."

Halafu honi ikalia, na watu wote, wa nyama na wa moshi, wakasogea pembeni. Jeep nyeupe ya yule bwana wa sega ilipita. Ilipanda mwinuko bila kubadili gia. Katalizeri yake ilikuwa mahali pake, bomba safi, na nyuma yake hapakuwa na mutu hata mmoja.