Wimbo Usio na Pa Kupumulia

Watu walimwita Kimya, maana alishona kutwa bila neno, mguu ukikanyaga cherehani, macho kwenye kitambaa. Nyimbo zake alizitunga hapohapo, akifuata mwendo wa sindano. Wa kwanza alimwimbia binamu yake, msusi wa chumba cha pili, amwambie kama unafaa. Haikupita wiki, binamu akauimba kama wake katika ukumbi wa muziki wa mtaani. Kimya naye alipouimba pale, watu wakamzomea: "Wewe, acha kuiga wenzako!" Binamu alicheka mpaka machozi.

Kimya hakugomba. Alitulia tuli kama maji mtungini.

Kisha kiongozi wa bendi ya ukumbi ule akatangaza kwamba Jumamosi mchana atachagua mwimbaji mmoja, na kila mtu aje na wimbo mpya. Kimya akaanza kuimba kazini, mlango wazi. Alimjua binamu yake tangu utotoni: yule hupumua mwisho wa mstari tu, katikati hawezi. Basi akatunga wimbo ambao mstari hauishi, kila mwisho umeshonewa mwanzo wa mwingine. Yeye mwenyewe aliiba pumzi kidogo kidogo ndani ya maneno, hata aliyekaa naye asisikie.

Siku ya tatu aliiona simu ya binamu dirishani, inarekodi. Akarudia beti zote, taratibu, lisimpite mwenzake hata neno.

Jumamosi binamu alimtangulia kupanda jukwaani. "Huu nimeutunga mwenyewe!"

Nyumbani alijifunza kwa kuisimamisha simu kila pumzi ilipomwishia. Bendi haisimamishwi. Ngoma ikaenda, gitaa likaenda, naye akaenda nayo mpaka mstari wa nne. Mishipa ya shingo ikamtoka, sauti ikakatika kama uzi mbovu. Akaanza upya. Ikakatika palepale.

"Dada, wimbo wako huo, au umeazima?" mpiga ngoma akauliza. Ukumbi ukaangua kicheko.

Kimya akapanda. Aliuimba wote, mwanzo mpaka mwisho, macho kwa binamu, hakuyabandua.

"Mwenye wimbo nimemwona," kiongozi wa bendi akasema. "Jumatatu njoo mazoezini."

Binamu alimkuta nje, akamshika mkono. "Mimi si damu yako? Ungeniambia tu pa kupumulia."

"Ungeuliza."

"Haya, nauliza sasa."

Kimya alimtazama. Alimtafutia huruma moyoni, hakuipata hata ya kuombea maji.

"Kwanza rudi ndani. Waambie wimbo ule ulionizomesha ulikuwa wa nani."

"Mbele ya watu wote wale? Watanicheka!"

"Watakucheka, ndiyo. Mimi nilichekwa, na sikufa."

"Jamani, dada…"

"Hawajatawanyika bado. Wahi."

Binamu akaanza kulia. Kimya akaufungua mlango wa ukumbi, akaushikilia wazi kwa bega, akasubiri.