Nakala ya Sila

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, saa nane mchana, Emilia alikuwa sebuleni kwake Ipagala akipiga pasi mashuka ya hosteli anayoifulia. Simu ya mwanawe ikaita juu ya kabati. Tangu Sila azikwe mwezi wa tatu, simu hiyo haikuwahi kuachwa izime. Baba yake, Nathanaeli, aliwahi kusema inakula umeme bure, kisha hakusema tena.

Emilia akaweka pasi kando, akapokea. Ilikuwa sauti ya msichana, ikimlaumu Sila kwa kupotea na kumwambia achague silaha, kundi zima linamsubiri.

"Mimi ni mama yake," Emilia alisema.

Yule msichana akaamkia shikamoo, akasema anaitwa Frida, anasoma chuo kikuu hapa hapa Dodoma. Emilia akamweleza kwamba Sila amefariki. Frida alilia kwa kujizuia, halafu akauliza kijana aliumwa nini. Emilia akamjibu kama walivyojibiwa wao: alianguka uwanjani akicheza mpira, figo ikapasuka. Hakumwambia kuhusu wifi yake, aliyeshiriki kumwosha marehemu, na aliyetoka chumbani akasema mgongo ule haukuanguka, ulichapwa. Wazee wa ukoo walimnyamazisha kwa sababu walimu walikuwa wamekwisha kufika, na mwalimu wa nidhamu, Castory, alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza.

Frida na Sila walikuwa wamecheza pamoja miaka miwili bila kuonana. Lilikuwa gemu la mtandaoni ambalo kila mchezaji humchagulia mhusika wake kazi. Wengine huwa askari, wengine waganga. Sila alichagua kuwa mwanamazingaombwe, ambaye nguvu yake yote ni kumfanya adui aone kisichokuwepo. Mhusika wake alikuwa amefika daraja la kupewa silaha na kugawiwa uwezo. Asipopewa, Frida alisema, mwisho wa msimu atafutwa.

Mengi katika maelezo hayo yalimpita Emilia, lakini kufutwa alikuelewa. Akauliza afanye nini.

Frida akamweleza polepole wapi pa kubonyeza. Silaha zilikuwa tatu. Wengi huchukua jambia. Kioo humwonyesha adui anachokitenda, ila kinataka ustadi. Fimbo ni ya wanaoanza, haina madhara makubwa. Emilia akachukua fimbo. Baba yake mzazi kule Chamwino hakuwahi kutoka nje bila fimbo, hata siku ya kwenda kanisani.

Kisha uwezo. Mwanamazingaombwe aweza kujifunza kutoweka, kuwachanganya maadui wasijuane, au kutoa nakala, yaani mtu wa pili anayefanana naye kwa kila kitu.

"Adui anaipiga nakala, mwenyewe anabaki salama," Frida alisema.

"Uwezo wote uende huko."

"Mama, uwezo wote ukienda huko hatajua kushambulia. Nakala haina akili. Inarudia tu yale ya mwisho aliyoyafanya mwenyewe."

"Mweke huko, mwanangu."

Jumatatu asubuhi Sila alitoka chumbani kwake amevaa sare, akachukua ndoo akaenda bombani. Nathanaeli, ambaye ni dereva wa ofisi moja ya serikali, alikuwa anakunywa uji wa uwele. Alimtazama akipita, akasema mtaa wote hauna maji, foleni itakuwa ndefu, mtoto atachelewa. Ndivyo alivyosema na siku ile ya mwezi wa tatu. Sila akarudi, akamimina maji kwenye pipa, akasema, "Nimechelewa, mama," akachukua mkoba wake. Ile fimbo ya kwenye simu ilikuwa imeegemea mlango tangu Jumamosi. Aliichukua nayo, akaondoka.

Yale maji yalikuwa maji. Emilia aliyapikia ugali.

Saa saba Sila alirudi, kabla ya wenzake, mkono mmoja kiunoni, bila fimbo. Akanywa maji amesimama. Akasema, "Nalala kidogo, mama." Emilia alikaa kando ya kitanda. Alimgusa shavu, likawa na joto la simu iliyotumika mchana kutwa. Jua lilipozama shuka likalala tambarare, hapana mtu. Ilikuwa saa ile ile ambayo mwezi wa tatu walikuwa ndani ya gari la jirani wakielekea hospitali, naye Nathanaeli, aliyekuwa akiendesha, akaambiwa asikimbize tena.

Asubuhi iliyofuata Sila akatoka chumbani akachukua ndoo.

Katikati ya wiki Emilia aliomba ruhusa hosteli akamfuata. Upepo ulikuwa mkali na vumbi jekundu lilikuwa linapita chini chini kama moshi. Sila alitembea haraka, hakugeuka. Getini mlinzi akamwambia amechelewa tena. Wanafunzi walikuwa mstarini, nao hawakumkodolea macho. Wale wa kidato chake walisogea kidogo kumpa nafasi. Walikwisha kumzoea.

Mwalimu Castory alikuwa mtu mfupi, nadhifu, kola yake imenyooka. Aliwaita wachelewaji mbele. Walikuwa wengi, kwa sababu maji hayakuwepo mtaa mzima. Akawapitia kwa macho, akamwonyesha Sila kwa kidole, akamwambia kwamba leo atawalipia wote. Akaipokea ile fimbo mkononi mwa Sila, akaipima uzito, akaona inafaa kuliko yake. Sila akalala kifudifudi kwenye saruji bila kuambiwa, kama alivyolala siku ile.

Emilia aliona yote akiwa nje ya uzio wa michongoma. Aliita jina la mwanawe mara moja. Wanafunzi wachache walimgeukia. Castory naye aligeuka, akamtambua, akamwinamia kichwa kwa heshima kama anavyofanya mtu kwa mfiwa, akaendelea na kazi yake. Hapakuwa na uwanja wala mpira wala kuanguka.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule. Huyo alikuwa mama mtu mzima, mpole, akamkalisha kwenye kiti chenye mto na kumpa maji ya chupa. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema kwamba malalamiko ambayo Emilia aliyaleta shuleni na polisi baada ya mazishi yalihusu mwanafunzi anayedaiwa kufa kwa adhabu. Mwanafunzi huyo yupo shuleni, na anahudhuria kuliko wenzake. Sasa shule ijibu nini? Polisi nao walimtuma kijana mmoja mwenye pikipiki. Akafika, akamwona Sila dawatini, akamuuliza jina, Sila akasema, "Nimechelewa," na yule askari akarudi kituoni. Jalada likafungwa. Emilia alipokwenda kuuliza, aliambiwa kwa upole kwamba hakuna kosa la kumuua mtu anayetembea.

Nyumbani Nathanaeli alisema labda ni heri. Walau wanamwona. Emilia alimtazama mumewe. Alikuwa amekonda, na tangu Jumatatu alikuwa ameanza kula.

Jumamosi Frida alikuja Ipagala. Alikuwa msichana mrefu mwenye miwani, kabeba kilo ya zabibu, akapiga magoti mlangoni kuamkia. Alikaa na Sila karibu saa nzima, yeye kitini, Sila kitandani. Sila hakumfahamu. Hakuwahi kuiona sura yake. Frida alipotoka alifuta miwani, akasema wabadilishe silaha.

Wakampa kioo. Jumatatu Castory alikitwaa, akajitazama, akanyoosha kola, akakitundika kwenye ukuta wa ofisi ya walimu, halafu akachukua fimbo. Wakampa jambia. Hilo Emilia alilichagua mwenyewe, Frida akiwa ameinamisha macho. Sila alilibeba hadi mstarini kama alivyobeba mkoba. Mwalimu alipomwambia aweke chini, aliweka chini, na siku hiyo akachapwa zaidi kwa kuingia shuleni na silaha. Katika maisha yake yote Sila hakuwahi kumpiga mtu, na nakala haikuwa na pa kujifunzia.

"Imebaki kutoweka," Frida alisema. "Tukihamisha uwezo wote huko hatapigwa tena. Lakini hataonekana, mama. Si kwao tu, na kwako pia."

Emilia aliomba wamwache kwanza. Siku mbili alikaa kando ya kile kitanda mchana, akimshika Sila mkono, akimsimulia mambo ya nyumbani, nani kaolewa Chamwino, mvua ilivyonyima mahindi. Alipomaliza kusimulia alimpigia Frida simu, na wote wawili wakabonyeza.

Asubuhi hapakutoka mtu chumbani. Nathanaeli alingoja na uji wake hadi ukapoa, akaenda kazini bila kuaga. Emilia alichukua ndoo mwenyewe. Bombani, akiwa katika foleni, alihisi amepumua kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, akalia, na wanawake wenzake wakampisha achote.

Saa kumi jioni alikuja Hilda, mama anayeuza maandazi nyuma ya kanisa, ambaye kijana wake Ebenezer alikuwa kidato kimoja na Sila. Alibisha hodi kwa adabu, akakaa ukingoni mwa kochi. Waliulizana habari za nyumbani. Kisha Hilda akasema kwamba leo Sila hakuonekana mstarini. Mwalimu alimwita, alipoona haitikii, akamwita Ebenezer. Kijana kalala nyumbani, ana homa, hawezi kuketi. Alikuwa amechelewa kwa sababu ya maji.

Emilia akampa pole. Akamwambia wampeleke hospitali haraka, asilale, wasimwache alale.

"Keshapelekwa. Watamwona kesho tena," Hilda alisema. Alizungusha kanga vidoleni. "Mama Sila, nimetumwa na wenzangu. Tumekaa kina mama wa kidato kile. Tunaomba kijana wako arudi."

"Arudi kupigwa."

"Tangu arudi hakuna mtoto mwingine aliyeguswa. Mwalimu anapiga huyo, akichoka anaacha."

Emilia alimuuliza kwa nini wasiende wote pamoja wamwambie mwalimu aache. Hilda akasema walikwenda zamani, kabla ya Sila, wakaambiwa wawahamishe watoto wao wakitaka. Wangewahamishia wapi? Kila mmoja alirudi nyumbani kwake. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya unga.

"Wako hasikii maumivu," aliongeza.

"Anasikia. Mimi ndiye ninayekaa naye mchana."

Hilda aliinama. Emilia alipodhani anaomba radhi, Hilda akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Lakini wako hafi tena," alisema.

Alipoondoka, Emilia aliketi na ile simu mapajani. Alimfikiria Ebenezer. Alikuwa akimfahamu tangu hajaota meno, kijana mwenye kigugumizi aliyekuwa akija kula mlenda pale nyumbani na kushukuru mara mbili mbili. Nathanaeli alirudi kazini, akasikia habari kutoka kwake, akavua viatu, akasema yeye hatasema neno. Akabaki ameketi pale pale, macho yake kwenye mlango wa chumba cha Sila.

Emilia alimpigia Frida. Frida alilia, akasema hapana, halafu akauliza silaha gani. Emilia akajibu wasimpe silaha yoyote, zote zinamwongezea kipigo. Uwezo wote urudi kwenye nakala.

Ebenezer alikojoa damu kidogo, kisha ikaacha, na baada ya muda akapona. Mwisho wa muhula shule ilisifiwa katika kikao cha wazazi kwa mahudhurio, na mwalimu Castory akapewa umakamu wa mkuu wa shule. Wazazi walipiga makofi, na Nathanaeli naye, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango.

Siku hizi kina mama wa kidato kile hupeana zamu ya kumsindikiza Emilia. Humpitia asubuhi Sila akiwa bado bombani, humsalimu kijana anaporudi, husema amekua, ingawa hakui. Huenda nyuma yake hadi kwenye uzio wa michongoma, kwa sababu Emilia amesema hatamwacha apigwe bila mtu wake kuwepo. Hilda huja hata siku isiyo zamu yake, na kikapu chake cha maandazi kichwani. Wote husimama hapo kwenye vumbi. Fimbo ikianza kusikika, Hilda humshika Emilia mkono. Kengele hulia, wanafunzi huingia darasani, na kina mama hupeana kwaheri, kila mmoja akaenda kazini kwake.