Dari la Manyoya

Adhuhuri mabati yalianza kulia. Yalitanuka kwa jua yakagonga misumari yake, na chini yake binti yangu, aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, alihema kama kifaranga. Alfajiri, upepo wa ziwa ulipopanda hadi mtaa wetu wa Mwanga, mabati hayohayo yalidondosha matone ya baridi. Hospitali walituonya: asipate joto kali, asipigwe na baridi. Nilitoka nje, nikaingia, nikatoka tena.

"Nawachukua twende Ilagala," alisema mama mkwe wangu, Révérienne, akiutazama ukuta. "Nyumba yangu ni ya nyasi. Hapa mtoto anaungua."

"Kule hospitali iko mbali, mama."

"Na hapa hakuna hewa."

Mke wangu Gloriose, mtoto kifuani, alitutazama kwa zamu. Kila mmoja alisema kweli, ndiyo maana sikupata usingizi.

Mimi ni fundi wa kupiga lipu. Nimepiga lipu nyumba za watu kuanzia Ujiji hadi Mwandiga, ya kwangu haikuwa hata na dari. Nilimwomba mama mkwe anivumilie siku chache niweke dari. Akasema kwamba kwao Burundi, kabla ya kukimbia, baba yake alichanganya udongo na manyoya ya mbuzi. Ukuta haukupasuka, na chumba hakikushika joto.

Nikaenda machinjioni. Walioniona na magunia ya manyoya waliniuliza namroga nani. Tuliyaosha kwa sabuni na majivu, tukayaanika. Harufu ilibaki palepale. Gloriose na mtoto tukawahamishia kwa jirani yetu Veneranda.

Kulikuwa na aibu nyingine. Kwao, na kwetu Waha pia, mtu hakai chumba kimoja na mama mkwe wake wakatazamana. Sasa nilikuwa juu ya ngazi nikikandika udongo kwenye fito na matete, naye akinipandishia ndoo huku amegeuza uso. Vidole vyetu vilipogusana, nusura nianguke.

Kesho yake kipande kizima kiliporomoka, pale hasa kinapokaa kitanda. Nilijua sasa atafunga mzigo.

Aliokota bonge, akalivunja. "Manyoya ni machache," alisema. "Na umekandika kama mtu anayekimbizwa."

"Nakimbizwa, mama."

Hapo akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Ego, ndiyo," alisema taratibu. "Hata mimi. Lakini udongo haujui."

Tuliyachambua manyoya upya, unyoya kwa unyoya, tukaweka tabaka jembamba, tukangoja likauke ndipo tuweke jingine. Kule kungoja kuliniwasha mwili kuliko kazi yenyewe.

Leo binti yangu yuko darasa la pili, na haishi kuuliza kwa nini dari letu lina nywele. Huwa namwambia amuulize bibi yake. Lakini ninachokikumbuka mimi ni ile adhuhuri tulipowarudisha Gloriose na mtoto chumbani. Jua lilikuwa utosini. Révérienne alikaa kwenye benchi kando ya kitanda, kiganja mgongoni mwa mjukuu aliyelala. Mimi nilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mama, safari ya Ilagala ni lini?"

Hakugeuka. Alisogea kidogo kwenye benchi, ikabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Funga mlango," alisema. "Unatuingizia joto."

Nikaufunga. Nikakaa.